Mgongo wa Askari Hauponi Kitandani

Yako maumivu yasiyomwachia askari jeraha wala kovu, yasiyoonekana kwa macho ya mkuu wake, na ambayo hata hivyo humfanya mtu mwenye nguvu zake ashindwe kuinama kufunga kamba za viatu. Hayo ni maumivu ya kiuno. Humjia kuruta baada ya mwendo mrefu akiwa na shanta mgongoni. Humjia mlinzi aliyesimama lindoni usiku kucha. Humjia askari wa usalama barabarani asimamaye tangu alfajiri katika njia panda za Kampala. Humjia dereva wa lori la jeshi anayerushwarushwa na mashimo ya barabara. Wala hayamsahau koplo aketiye kutwa nzima kituoni akiandika maelezo ya mashahidi.

Leo tumeona vema tuzungumze na ndugu zetu wa jeshi na wa polisi juu ya maumivu hayo, hasa yale yatokanayo na misuli, na jinsi yanavyoweza kutulizwa bila vidonge wala sindano. Hatusemi haya kwa kuwadharau waganga, la hasha. Tunayasema kwa sababu waganga wenyewe, baada ya uchunguzi wa miaka mingi katika nchi mbalimbali, wamefikia kauli moja ambayo bado haijafika katika mabweni yetu: kwamba kiuno kilichokazana kwa misuli hakitibiwi kwa kulazwa, bali kwa kutembezwa.

Tatizo lenyewe si dogo, wala si la askari peke yao. Uchunguzi mkubwa wa maradhi ya ulimwengu uliotangazwa mwaka 2023 ulikadiria kuwa mnamo mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwamba hakuna maradhi mengine yaliyowazuia watu wengi zaidi kufanya kazi zao. Miongoni mwa mambo yaliyotajwa kuyachochea ni kazi nzito, uvutaji wa tumbaku na unene wa mwili. Msomaji atatambua mara moja kwamba la kwanza kati ya hayo ndilo kazi ya askari, na la pili ni desturi ya wengi wao.

NJIA MBILI ZA KUPOTEA

Askari aliyepatwa na maumivu ya kiuno aghalabu hushika moja kati ya njia mbili, na zote mbili zinampoteza.

Njia ya kwanza ni kuficha. Askari huogopa kuitwa mtegeaji wa kazi. Basi hunyamaza, na jioni huenda kwenye duka la dawa kununua vidonge vya diklofenaki au ibuprofeni, au huomba achomwe sindano, ili kesho asimame gwarideni kama wenzake. Ni kweli kwamba dawa hizo hupunguza maumivu, na daktari anaweza kuwa na sababu njema ya kumwandikia mgonjwa kwa siku chache. Lakini zikimezwa kila siku bila ushauri, zaweza kuleta vidonda vya tumbo na kulitoa damu. Zaweza pia kudhuru figo, hasa figo za mtu atembeaye juani akiwa amepungukiwa na maji mwilini, na huyo ndiye askari aliye mwendoni. Zaidi ya hayo, kidonge hukinyamazisha king'ora bila kuuzima moto. Askari hubeba tena mzigo uleule kwa namna ileile iliyomuumiza, na safari hii hasikii onyo lo lote.

Njia ya pili ni kulala. Huyu hana aibu ya kusema anaumwa. Lakini akisha kupewa ruhusa, hujitupa kitandani akangojea mgongo upone wenyewe. Siku ya kwanza huona raha. Siku ya tatu akiinuka huona kiuno kimekuwa kigumu kuliko awali, naye huamini kwamba ugonjwa umezidi, kwa hiyo hulala tena. Hivyo ndivyo maumivu ya siku chache yanavyogeuzwa kuwa ya miezi.

Juu ya jambo hili la kulala upo ushahidi wa wazi. Mnamo mwaka 1995 waganga wa Finland walitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa wafanyakazi 186 wa mji wa Helsinki waliokuwa na maumivu mapya ya kiuno. Waliwagawa katika makundi matatu. La kwanza liliamriwa kulala kwa siku 2. La pili lilipewa mazoezi maalumu ya mgongo. La tatu liliambiwa liendelee na shughuli zake za kawaida kadiri maumivu yalivyoruhusu. Waliopona upesi kuliko wote walikuwa wale wa kundi la tatu, na waliochelewa kuliko wote walikuwa wale waliolazwa. Tunawaomba wasomaji wetu waangalie vizuri: hata mazoezi maalumu, yalipoanzishwa mapema mno, hayakuzidi faida ya kutembea na kufanya kazi nyepesi. Mazoezi yana wakati wake, nasi tutayafikia.

MLINGOTI NA KAMBA ZAKE

Ili mtu aelewe kwa nini iwe hivyo, yafaa ajue jinsi kiuno kilivyoundwa. Sehemu ya chini ya mgongo ina pingili 5, ambazo ni kubwa kuliko pingili nyingine zote za uti wa mgongo, kwa kuwa ndizo zinazouchukua uzito wa kiwiliwili chote pamoja na mzigo uliomo mabegani. Lakini pingili hizo peke yake haziwezi kusimama. Ni kama mlingoti wa hema. Askari ye yote aliyepata kusimika hema anajua kwamba mlingoti hausimami kwa nguvu zake, bali kwa kamba zinazouvuta kutoka pande zote kwa usawa. Kamba za mgongo ni misuli: iko ile mirefu ya nyuma inayofuata uti wa mgongo pande zote mbili, iko ya tumboni kwa mbele, iko ya mbavuni, na iko mikubwa ya matako inayoishika nyonga.

Kamba moja ikilegea, nyingine hulazimika kuvuta zaidi. Mtu mwenye tumbo legevu na matako dhaifu huitwisha misuli ya kiuno kazi isiyokuwa yake. Ikichoka, au ikivutwa kwa ghafula, hujikaza kwa nguvu ili kulinda mahali palipoumia. Mkazo huo ndio auonao mtu kama fundo gumu kando ya uti wa mgongo, nao ndio umwinamishao upande. Mkazo una kazi yake kwa siku mbili tatu za kwanza; ukidumishwa kwa woga na kwa kulala, hugeuka kuwa maumivu yenyewe. Mwendo mwepesi huifundisha misuli tena kwamba hatari imekwisha pita.

Jambo la kufariji ni kwamba, kwa walio wengi, maumivu ya namna hii hupungua sana katika majuma 6 ya kwanza. Hayatokani na mfupa uliovunjika wala na mgongo uliokatika, kama wanavyosema watu. Kuumwa ni jambo moja, na kuharibika ni jambo jingine. Askari aliyeelewa tofauti hiyo amekwisha kushinda nusu ya vita.

SIKU ZA KWANZA

Maumivu yanapoanza, mtu apumzike kwa saa chache tu, katika mkao unaompa nafuu. Alale chali na blanketi lililokunjwa chini ya magoti, au alale ubavu akiwa ameliweka blanketi hilo katikati ya magoti. Anapotaka kuinuka asijivute mbele kwa kiuno, bali ageuke ubavu, ateremshe miguu, ndipo ajisukume kwa mkono.

Halafu atembee. Dakika 5 au 10 zatosha kwa mara ya kwanza, mahali palipo tambarare, bila mzigo. Apumzike, kisha arudie tena mara kadhaa kutwa. Kesho aongeze kidogo. Maumivu yakizidi kidogo wakati wa kutembea na kutulia baadaye, hakuna baya. Yakizidi na kudumu mpaka siku ya pili, apunguze mwendo lakini asiuache.

Joto ni rafiki wa misuli iliyokazana. Taulo lililochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa, au chupa ya maji moto iliyofungwa kwa kitambaa, ikiwekwa kiunoni kwa dakika 15 au 20, huleta nafuu ya muda inayomwezesha mtu kutembea. Joto lisiwe la kuunguza ngozi, wala mtu asilale usingizi juu yake. Kuchuliwa pia hufaa, ikiwa mchuaji ana mkono mtulivu na huibonyeza misuli ya kando, si mfupa wenyewe. Lakini tunaikemea vikali ile desturi ya mabwenini ya kumlaza mgonjwa kifudifudi na kumwamuru mwenzake amkanyage mgongoni, au kumpindua kwa nguvu mpaka kiuno kialike. Aliyeumia hana haja ya kuumizwa tena.

Wako pia wanaojikaza kiuno kwa mkanda mpana mchana kutwa. Shirika la Afya Ulimwenguni, katika mwongozo wake wa Desemba 2023, halikupendekeza mikanda ya kiuno kuwa tiba ya kawaida kwa wenye maumivu ya muda mrefu. Lilisisitiza mafunzo yanayomwezesha mtu kujitunza mwenyewe, pamoja na mazoezi. Na wale wanaoshauriwa walale juu ya mbao au sakafuni wajue kwamba huko Hispania, mwaka 2003, watu 313 wenye maumivu sugu walijaribiwa kwa magodoro ya aina mbili. Waliolalia godoro la ugumu wa wastani walipata nafuu kuliko waliolalia gumu sana. Ukali wa kitanda si dawa.

MAZOEZI YA KUJENGA

Maumivu makali yakisha kutulia, ndipo wakati wa mazoezi unapofika. Hayahitaji chombo cho chote isipokuwa blanketi chini na robo saa kila siku.

La kwanza: lala chali, kunja magoti, nyayo ziwe chini. Vuta goti moja kuelekea kifuani, hesabu hadi 15, rudisha, kisha fanya la pili. Rudia mara 4 kila upande.

La pili: ukiwa katika mkao huohuo, kaza tumbo na ubonyeze kiuno sakafuni, hesabu hadi 5, legeza. Rudia mara 10.

La tatu: kwa mkao huohuo, kaza matako uyainue mpaka mapaja na kifua vifuate mstari mmoja. Hesabu hadi 5, shuka polepole. Rudia mara 10.

La nne: piga magoti na kuweka viganja chini kama mtoto atambaaye. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, mgongo uwe tambarare kana kwamba umewekewa bakuli la maji. Hesabu hadi 8, kisha badili. Rudia mara 6 kila upande.

La tano: lala ubavu, egemea kiwiko, kunja magoti, kisha inua nyonga kutoka sakafuni. Hesabu hadi 8, shuka. Rudia mara 4 kila upande.

Usizuie pumzi unapofanya hayo yote. Zoezi likipeleka maumivu chini mguuni, liache. Na kwa muda huu acheni lile zoezi la zamani la kulala chali na kuinua kiwiliwili huku miguu imenyooshwa, pamoja na lile la kuinua miguu yote miwili kwa pamoja. Yote mawili hukielemea kiuno kuliko yanavyolijenga tumbo.

Baada ya kupona, kazi haijaisha, kwa maana maumivu ya kiuno yana tabia ya kurudi. Huko Australia watu wazima 701 waliokwisha pona walifuatiliwa katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2024. Nusu yao walifundishwa mpango wa kutembea, wakiongeza kidogo kidogo mpaka kufikia dakika 30 kwa siku, mara 5 kwa juma. Wengine hawakupewa mpango wo wote. Wasiotembea walirudiwa na maumivu baada ya siku 112 kwa kipimo cha katikati, na waliotembea baada ya siku 208. Dawa hiyo haiuzwi dukani, na askari anayo miguuni mwake.

KAZINI

Namna ya kubeba na kusimama ina maana kubwa. Jerikeni ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Ikishikwa karibu na tumbo, kiuno huichukua. Ikishikwa kwa mikono iliyonyooshwa mbele, mzigo uleule hukielemea kiuno mara nyingi zaidi, kama vile jiwe dogo lililoko kwenye ncha ya mti mrefu linavyoweza kuuinua mti wote. Basi usogelee mzigo, panua miguu, kunja magoti, ukumbatie, uinuke kwa mapaja. Unapogeuka, geuza nyayo. Usijipinde kiuno ukiwa na mzigo mikononi. Sanduku la risasi lililo zito libebwe na watu wawili.

Shanta ikazwe ikae juu na kuukaribia mgongo, vitu vizito viwe ndani upande wa mgongoni, na mizigo ya kulia na kushoto ilingane. Kitabu cha mwendo wa miguu cha jeshi la Marekani cha mwaka 1990 kilishauri mzigo wa kupigania usizidi kilo 22 hivi, na ule wa safari kilo 33 hivi. Majeshi mengi, likiwemo hilohilo, yamezidisha mara nyingi vipimo hivyo, na viuno vya askari vimelipa gharama. Vitu visivyotumika vitolewe shantani kabla ya safari.

Asimamaye lindoni, pale asipolazimika kuwa katika "mguu sawa", ahamishe uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, au aweke mguu mmoja juu ya tofali kwa dakika chache, kisha abadili. Dereva asukume matako mpaka mwisho wa kiti, aweke taulo lililokunjwa nyuma ya kiuno, na kila asimamapo ashuke atembee. Dereva asiruke chini kutoka garini na mara hiyohiyo kuinua gurudumu. Kiuno kilichokaa saa nyingi kinahitaji dakika chache za kuamka. Mwandishi wa kituoni naye ainuke angalau kila nusu saa.

MAHALI PA KUMWENDEA DAKTARI

Tuliyoyaeleza yanahusu maumivu ya misuli. Yako maumivu mengine ya kiuno ambayo si ya kutibiwa kwa matembezi, na kuyapuuza ni hatari. Mtu aende hospitali siku hiyohiyo ikiwa ameshindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo umezuilika. Ikiwa ana ganzi katikati ya mapaja na sehemu za siri. Au ikiwa mguu mmoja au yote miwili inapoteza nguvu. Mambo hayo yaonyesha kwamba mishipa ya fahamu imebanwa, na kuchelewa kwaweza kumfanya mtu kilema.

Vilevile amwone daktari bila kukawia aliyeanguka kutoka juu au kupata ajali ya gari, mwenye homa, anayekonda bila sababu, anayetokwa na jasho jingi usiku, anayeumwa zaidi usiku akiwa amelala, au aliyewahi kuugua saratani. Katika nchi zetu hizi kifua kikuu huweza kushuka kwenye pingili za mgongo, nao ugonjwa wa brusela, upatikanao kwa kunywa maziwa mabichi au kuhudumia mifugo, huleta homa pamoja na maumivu ya mgongo. Hayo yote yana dawa zake, na hapo kidonge si cha kukimbiwa. Na maumivu ye yote yasiyopungua katika majuma 6 yanastahili kuchunguzwa.

NENO KWA WAKUU

Tungependa kumalizia kwa neno kwa wakuu wa vikosi na vituo. Mkuu asiyetaka kusikia habari ya maumivu hawi na askari wazima. Huwa na askari wafichao. Siku ya mwendo wa kweli, yule aliyekuwa akimeza vidonge kwa siri ndiye atakayeanguka njiani, na wenzake watalazimika kuigawana bunduki yake, shanta yake, na pengine kumbeba yeye mwenyewe. Kwa upande mwingine, mkuu ampaye mgonjwa ruhusa ya kulala siku 10 hamfanyii hisani.

Lililo bora ni la katikati. Askari aseme mapema. Mganga wa kikosi amchunguze na kuziangalia zile dalili za hatari. Zikikosekana, apewe kazi nyepesi kwa siku chache: kupokea simu, kutunza daftari, kutembea na doria fupi bila mzigo. Kila siku kazi iongezwe kidogo, mpaka arudi safuni kamili. Kwa namna hiyo kikosi hakimpotezi mtu, naye mtu hapotezi heshima yake.

Kusema kwamba kiuno kinauma si utegeaji. Mtegeaji ni yule aliyepewa njia ya kupona akakataa kuinuka.